Siku Spika ya Mitumba Ilipoita Majina Maktabani

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Naandika haya nimejifungia stoo ya magazeti ya zamani, nimekalia boksi, na sitoki humu mpaka msomaji wa mwisho aende kwao. (Wamegoma kwenda. Tutafika huko.)

Kwa msionifahamu: mimi ni Neema, mhudumu wa maktaba hapa Mbeya, mzaliwa wa Igowole, Mufindi, mkoani Iringa. Kazi yangu ni kupanga vitabu, kugawa magazeti na kusema "shhh". Lakini tangu tuletewe intaneti ya maana nimejigeuza mtaalamu. Tovuti yoyote mpya naijaribu. Mwezi uliopita nilipata tovuti ya kutengeneza mabango, nikaandika "Hairuhusiwi Kula Ndani ya Maktaba", ikanitolea bango zuri kweli lenye picha ya keki. Nikalibandika hivyo hivyo, ukutani, juu ya meza yangu. Mlikumbuke hilo bango.

Sasa, wiki ijayo kuna semina Iringa ya mambo haya haya ya mtandaoni. Nafasi ni moja. Wanaoitaka ni wawili, mimi na Gwamaka, mwenzangu wa mapokezi. Na mimi kwa kiherehere changu nilishampigia mama simu Jumapili, nikamsalimia kikwetu.

"Kamwene, mama! Nakuja Iringa, nitapita na nyumbani."

"Kweli? Maana huu mwaka wa pili unaniambia unakuja."

"Safari hii kweli, mama."

"Haya. Basi jogoo namfunga mguu leo leo. Usije ukaniaibisha kwa jogoo."

Mnaelewa? Jogoo ameshafungwa mguu. Mama amewaambia majirani. Na nafasi yenyewe sijapewa.

Leo asubuhi mkuu wetu, Mama Mwakalobo, akaja mapokezi akasimama mbele yangu. Mama huyu hana utani na kazi.

"Neema, hicho kidude chako cha foleni tunakijaribu saa nne. Kikifanya kazi, barua ya semina naandika jina lako. Kikituaibisha, anaenda Gwamaka."

"Hakiwezi kutuaibisha, mama."

"Tutaona. Halafu, miwani yangu mmeiona?"

Mimi na Gwamaka tukatazamana. Miwani ilikuwa kichwani kwake, kama kila siku.

"Hapana, mama," akasema Gwamaka. (Mwongo! Na mimi nikanyamaza, kwa hiyo mwongo nambari mbili.)

Niwaeleze kidude. Hapa kwetu kila gazeti lina nakala moja, na wanaolisubiri ni wengi. Zamani nilikuwa nazunguka meza moja baada ya nyingine namnong'oneza mtu sikioni kwamba zamu yake imefika. Kuna mzee mmoja aliwahi kuruka na kiti. Basi nikapata tovuti ya bure: unapakia orodha ya foleni, yenyewe inaita mtu kwa sauti ya dada mstaarabu, utadhani anasoma taarifa ya habari. Na msomaji akitaka anajiongeza mwenyewe kwa simu, anaskani kile kimraba cheusi nilichobandika ukutani. Si maendeleo hayo?

Kilichokosekana ni spika. Nikaazima kwa kaka yangu Festo, anayeuza mitumba Mwanjelwa. Spika yake ni nzima, ila kitufe cha kuzimia kilishakatika. Ukiiwasha, imewaka. Nikapanda ngazi nikaiweka juu ya kabati refu la ensaiklopidia, ili sauti isambae vizuri. Nikashuka. Gwamaka akaichukua ngazi akaenda kubadilisha taa kule nyuma.

Orodha sasa. Hapa Mbeya karibu kila mtu ni Mwa-fulani. Maktabani peke yake tunao akina Mwaipopo wanne na Mwambene watatu. Ukiandika "Mwaipopo" kwenye daftari la foleni hujaandika kitu. Kwa hiyo kwa miaka yote, kabla ya kila jina, tunaweka alama ya kumtambua ni yupi. Alama hizo tumezitunga mimi na Gwamaka, na hazikutungwa ili zisomwe na mtu mwingine. (Sitajitetea. Mngekaa mapokezi siku nzima nanyi mngetunga.)

Nilipolihamishia daftari kwenye jedwali la kompyuta, alama zikawa safu ya kwanza, majina safu ya pili. Jana jioni nikakumbuka, nikabonyeza "ficha safu". Ikatoweka! Nikajipongeza kwa chai ya maziwa. Leo nikapakia jedwali langu safi, nikaweka iite yenyewe kila baada ya nusu dakika, nikakaa kimkao wa mtu aliyeshika barua ya semina mkononi.

Saa nne. Ukumbi umejaa, wanafunzi wa chuo wana mitihani, kimya kabisa. Mama Mwakalobo amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma. Nikawasha.

"MAMA NJOO, DADA NJOO! SHATI JERO! SURUALI JERO! TUNAMALIZA MZIGO!"

Festo hakufuta rekodi yake. Mwanafunzi mmoja akaangusha kalamu zote.

"Neema!"

"Inapasha tu, mama. Inapasha."

Ikatulia. Halafu ile sauti nzuri ikatoka: "Mzee Mkoromo. Gazeti lako liko tayari. Karibu mapokezi."

Watu wakaangaliana. Hata mimi nikajiuliza, Mzee Mkoromo ni nani tena? Kutoka kona ya dirishani ikajibu: "Khhhrrrr." Ni Mzee Mwaipopo, karani mstaafu, kidevu kifuani, amelala fofofo.

"Mzee Mkoromo," sauti ikarudia kwa upole.

"Khhhrrrr."

Wanafunzi wakaanza kuchekea ndani ya vitabu. Ndipo nikakumbuka. Safu! Nilikuwa nimeificha machoni pangu tu, tovuti ikaiona na kuichukua, maana ndiyo ya kwanza.

Nikairukia kompyuta. Nikabonyeza "simamisha". Likaja tangazo la dawa ya kitambi likafunika skrini nzima. Nikatafuta alama ya kulifunga, kadogo kama punje ya ulezi. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa kuuza matrekta.

"Mchungaji Ukurasa wa Mpira. Gazeti lako liko tayari."

Mchungaji Mwambene alikuwa ameketi meza ya mbele, amefungua jarida kubwa la kanisa. Akalifunga kwa haraka. Gazeti la michezo likaponyoka kutoka katikati yake likaanguka sakafuni, na muumini wake aliyekaa naye meza moja akainama kumwokotea.

"Nilikuwa naangalia msimamo tu," akasema Mchungaji. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi bado napigana na matrekta. Nilijua anayefuata ni nani. Maana wasomaji wetu wana kilio kimoja cha muda mrefu: kila gazeti likifika mikononi mwao, chemshabongo imeshajazwa kwa peni. Hawajui nani. Sisi tunajua. Ni Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa Mwanjelwa. Tulimnyamazia kwa sababu ni mtu mwema sana, na kila Idi anatuletea kashata.

"Mjaza Chemshabongo kwa Peni. Gazeti lako liko tayari."

Hapo Mzee Mwaipopo akaamka. Jina lake liliitwa mara mbili hakulisikia, lakini hili lilimfikia usingizini.

"Nani?! Yuko wapi?"

Macho yote yakaenda kwa Mzee Salum, aliyekuwa na gazeti mbele na peni mkononi, wino haujakauka.

"Salum! Kumbe ni wewe! Miaka yote hii nasalimiana na wewe!"

"Mzee mwenzangu, nisikilize..."

"Na majibu ya wima unakosea!"

"Nakosea wapi? Nionyeshe! Njoo unionyeshe hapa!"

Nusu dakika, ndugu zangu, ni fupi sana. Aliyekuwa anafuata kwenye orodha ni Mama Mwakalobo mwenyewe. Yeye gazeti lake analipangia foleni kama watu wote, anasema mkuu lazima awe mfano. Nikavuta kiti, nikapanda, nikanyoosha mkono kwenye spika. Nikapungukiwa na shubiri moja. Nikashuka, nikaingia chini ya meza, nikachomoa waya. Kumbe nimechomoa ekstensheni ya wanaochaji simu.

"Aaah! Dada!" watu wakapiga kelele. Na juu ya kelele hizo, kwa utulivu kabisa:

"Mama Miwani Iko Kichwani. Gazeti lako liko tayari. Karibu mapokezi."

Nilikuwa bado chini ya meza, nikatamani pawe makazi yangu ya kudumu. Nikachungulia. Mama Mwakalobo hakusogea. Kisha mkono wake ukapanda polepole, ukapita shingoni, ukafika kichwani. Ukapapasa. Akaishusha miwani, akaivaa, akainua uso akaitazama spika.

"Ndaga fijo," akaiambia.

Mama ameishukuru spika kwa Kinyakyusa! Ukumbi mzima ukalipuka. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Halafu Mama akanigeukia, na sasa alikuwa ananiona vizuri.

"Neema. Toka huko chini. Haya majina ametunga nani?"

Nikamtafuta Gwamaka. Alikuwa juu ya ngazi kule nyuma, anaichunguza taa kama mtu ambaye hajawahi kuona taa.

"Ni... ni mfumo, mama." (Nimeulaumu mfumo! Mtumishi gani nchi hii hajawahi kuulaumu mfumo?)

"Mfumo umejuaje miwani yangu inakaa wapi?"

Sikupewa nafasi ya kutunga jibu. Spika ikasema:

"Dada Karanga. Dada Karanga, unasubiriwa mapokezi."

Hilo jina silijui. Naapa halikuwa kwenye orodha yetu. Nikaangalia skrini: limeongezwa sasa hivi, kwa simu. Nikainua kichwa niulize nani huyo Dada Karanga, nikakuta ukumbi mzima unaniangalia mimi. Wote, kwa pamoja. Hata wale wanafunzi waliokuja kwa mara ya kwanza wiki hii.

"Dada Karanga ni nani?" akauliza Mama Mwakalobo.

"Si huyo hapo," akasema Mzee Mwaipopo, bila hata kuficha. "Kila siku saa tano, krap, krap, krap. Ndiyo inayoniamshaga mimi."

"Tulidhani unajua, mwanangu," akasema Mzee Salum kwa huruma. "Jina la zamani hilo."

La zamani! Mimi naona nimejificha nyuma ya droo, kumbe nasikika mpaka dirishani! Mama Mwakalobo akazunguka meza, akavuta droo yangu ya chini. Karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Mchungaji akanyoosha shingo kuangalia kama ni ukurasa wa mpira. (Ni karatasi ya muuza karanga, jamani, si ya maktaba.) Mama akazichukua karanga, akaziangalia. Akaniangalia mimi. Akaangalia ukutani juu ya kichwa changu, kwenye bango langu mwenyewe, lile la keki. Akalisoma lote kwa sauti, neno moja moja, maana sasa miwani alikuwa nayo.

Na Mchungaji nilimwona. Alikuwa anarudisha simu mfukoni taratibu, macho dirishani, uso wa ibada.

Ndipo nikakimbilia stoo.

Nimekaa humu nikilia kidogo, nisiwafiche. Si kwa karanga. Ni kwa mama yangu. Nilikuwa najifunza namna ya kumwambia amfungue yule jogoo, na majirani nao waambiwe nini. Miaka miwili, halafu nimejinyang'anya safari kwa safu moja.

Lakini huko nje hakuna aliyeondoka. Wanaskani kile kimraba, wanajiandikisha wenyewe, spika inaita: "Mzee wa Wima Sahihi!" "Binti Niamshe Mtihani!" Kila anayeitwa anainuka anachukua gazeti lake, foleni inakwenda kama maji. Wale wazee wawili nasikia wanajaza chemshabongo pamoja, wanabishana, wanacheka. Kidude changu kinafanya kazi, mimi nikiwa stoo!

Sasa hivi imepita karatasi chini ya mlango. Mwandiko wa Mama Mwakalobo. Ni barua ya semina, na jina ni langu. Mahali pa sababu ameandika: "Ana uhitaji mkubwa wa mafunzo kuliko mtumishi mwingine yeyote."

Nimeisoma mara tatu. Nimempigia mama hapo hapo.

"Mama, jogoo asifunguliwe!"

"Kwani nani alitaka kumfungua? Kuna nini?"

"Barua ya semina nimepewa, mama."

"Umeipataje?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.

Basi naomba asicheke mtu. Barua naikunja, naikunjua, naisoma tena, na stoo hii imepakana na ofisi ya mkuu, ukuta ni mbao tu. Tangu nianze kuandika nasikia kutoka huko: krap, krap, krap.