Kuhusu Buti za Afisa Ugani na Konokono wa Mfereji wa Tatu

Kwa Mkuu wa Idara ya Kilimo,
Ofisi ya Mashamba ya Umwagiliaji.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilichapa malalamiko ya watu wengine, na haya ndiyo ya kwanza kuwa yangu mwenyewe. Siku hizi nalima majaruba mawili ya mpunga kwenye Mfereji wa Tatu, yanayopakana na mawili ya dada yangu mkubwa. Malalamiko ni sita, na mwisho kuna ombi moja dogo.

1. Msimu huu tumevamiwa na konokono. Sisemi wale wadogo weusi tuliowazoea, wanaokaa chini ya majani na hawana habari na mtu. Huyu ni mgeni. Ni mkubwa kama ngumi ya mtoto na gamba lake lina rangi ya chai ya maziwa. Nilipanda miche Jumatatu. Alhamisi asubuhi nilikuta maji matupu yanametameta kama bwawa la kuogelea. Mche mchanga anaukata shinani, anaumaliza, anahamia wa pili. Nikapanda tena, wakala tena. Nilipopanda mara ya tatu walikuwa wameshanizoea.

2. Hawa viumbe wanazaa bila kumhurumia mtu. Jike hupanda juu ya maji na kubandika mayai ya rangi ya waridi kali kwenye mashina, kwenye nguzo, kwenye ukuta wa mfereji na, mara moja, kwenye mpini wa jembe langu nililolisahau shambani. Nilivaa miwani nikahesabu kishada kimoja: mayai mia tatu na kumi na mawili. Wiki mbili hazipiti, vitoto vinadondoka majini, na kila kimoja kimekuja na njaa yake. Nikikausha jaruba, wakubwa wanajizika kwenye tope, wanafunga kifuniko na kusubiri miezi. Mimi sina kifuniko.

3. Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Afisa Ugani wako, ambaye huku tunamwita Bwana Semina, ni kijana mwenye bidii na sina ugomvi naye. Ila nimefuatilia nyendo zake. Alifanya semina Mfereji wa Kwanza. Mwezi uliofuata Mfereji wa Kwanza ukawa na konokono. Akafanya Mfereji wa Pili, nao ukapata. Kisha akaja kwetu, na mada ilikuwa jinsi ya kuzuia konokono. Alisimama katikati ya jaruba langu, buti zimejaa tope la Mfereji wa Pili, akasema, "Mama, huyu hasafiri mbali peke yake. Anasafirishwa na watu: kwenye miche, kwenye vifaa, kwenye tope." Niliyaandika maneno hayo kwa hati mkato na daftari ninalo. Wakati anayatamka, kitu kidogo kama punje ya maharage kilikuwa kimeng'ang'ania kisigino cha buti yake ya kushoto. Nilikiona. Nilidhani ni kokoto, na mgeni huwezi kumwambia mbele ya watu kwamba ana kokoto.

4. Dada yangu na mimi tumelima pamoja miaka kumi na minane, na lango la maji tunalotumia ni moja. Konokono walipotokea, alisema nimewaingiza mimi kwa kufungua lango bila wavu. Nikamwambia wavu ilikuwa zamu yake kuushona. Akasema, "Tangu utoto, kila kosa ni langu." Nikajibu, "Basi angalau hilo unalijua." Ndugu Mkuu, sisi tulimzika mama yetu bila kugombana, tukagawana vyombo vyake sufuria kwa sufuria bila kugombana. Konokono wametununisha siku ishirini na sita. Jioni nilikuwa nasikia redio yake kupitia ukuta tunaochangia, nami napandisha sauti ya yangu. Chai nilikuwa napika ya vikombe viwili kwa mazoea, halafu namwaga kimoja.

Siku ya ishirini na saba nilitoka mapema na ndoo kwenda kuokota. Nikamkuta naye ameinama upande wake wa tuta, ana ndoo yake, mkono mmoja ameshika kiuno. Hakuinua kichwa. Tuliokota mpaka jua likawa kali. Mwisho akauliza, "Una wangapi?" Nikasema sijahesabu. Nilikuwa nimehesabu, walikuwa mia nne na tisa. Akasema, "Mimi nina mia tano." Nilijua ni uongo, maana ndoo yake ni ndogo kuliko yangu, lakini nikamwambia, "Hongera, dada," naye akacheka mpaka akakaa kwenye tuta. Tangu siku hiyo tunasalimiana. Hata hivyo siku ishirini na sita za maisha yetu zimepotea, na hatuna nyingi kama zamani. Naomba ziingizwe kwenye faili la idara yako.

5. Niliyaeleza haya yote kwa Bwana Semina. Alinisikiliza kwa upole, akaahidi kuandaa semina.

6. Nimekaa nikapiga hesabu. Afisa mmoja ana buti mbili. Ukimtuma mwingine kumsimamia, zinakuwa nne. Ukiunda kamati ya watu saba kuchunguza hao wawili, zinakuwa kumi na nane. Ukija mwenyewe na dereva wako kupokea ripoti ya kamati, ni ishirini na mbili, bila kugusa magurudumu ya gari. Maana yake, kadiri idara inavyotujali ndivyo tunavyokwisha. Mwaka ule mliotusahau kabisa tulivuna vizuri sana.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima Afisa Ugani atengwe. Sisemi afukuzwe kazi. Awekwe mahali pakavu, ikiwezekana ghorofani, kwa siku kumi na nne, ambao ni muda wa kutosha wa mayai kuanguliwa na kuonekana kama anayo. Buti zisuguliwe kwa brashi, zianikwe juani na zifungiwe kabatini, ufunguo ukae kwako. Semina aendelee nazo kwa kipaza sauti kutoka barabara ya lami. Suala la chakula lisikutie wasiwasi. Nitampikia mwenyewe, kwani ni mwembamba kupita kiasi na nadhani hana mtu wa kumwangalia.

Wako anayekuheshimu ukiwa ofisini, na anayeomba ubaki huko huko,
Mkulima wa Jaruba Namba Kumi na Moja na Kumi na Mbili, Mfereji wa Tatu.

Wasalimie wote hapo: katibu muhtasi wako, mtunza faili, dereva, mlinzi wa getini na yule mama wa usafi aliyenipa kiti nilipokuja mara ya mwisho. Nyumbani msalimie mkeo na watoto. Dada yangu naye anawasalimu wote.

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku ishirini na moja ikisubiri mhuri wa katibu wa ushirika, ambaye alikuwa semina. Katika kipindi hicho mpwa wangu alituletea bata arobaini. Mpunga uliosalia ulikuwa umeshakomaa mashina, kwa hiyo tukawaachia waingie. Konokono wadogo waliwameza wazima wazima, na wakubwa tukawavunjia kwa jiwe. Bata wamenona ajabu, wanataga kila siku, na watu wanatoka mifereji mingine kuja kuwatazama. Tatizo ni kwamba tangu Jumapili hakuna konokono hata mmoja, na bata wanashinda mlangoni kwangu wakinipigia kelele kama wananidai. Dada yangu na mimi tunaomba Bwana Semina aje haraka, mada yoyote atakayo. Apitie Mfereji wa Pili kwanza, akanyage sana, na asioshe kitu.