Mkwe Kavuka Mto, Mwalimu Kaingia kwa Kuku

Leo aibu imenikuta peupe, tena nikiwa nimeshika Biblia. Naandika upesi kabla Mama Tusekile hajaanza kusimulia yeye. Yule akisimulia anatia chumvi, na hii ya leo chumvi yake inatosha.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Lusajo, mzaliwa wa Ngana, Kyela. Miaka mitatu iliyopita kanisa letu lilituwekea mikono, mimi na mume wangu, likatutuma kuwa wamisionari nje ya nchi. Watu walilia. Tukapewa blanketi mbili, ndoo na maombi marefu. Nje ya nchi yenyewe ni ng'ambo ya mto Songwe. (Ndiyo, Malawi. Ndiyo, ukipanda kichuguu unaona migomba ya mama yangu. Msianze.)

Lakini ni nje ya nchi kweli. Fedha nyingine, shule nyingine, na Kiswahili changu huku kinawachekesha watoto. Tunaelewana kwa sababu Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu, na mila ni zile zile. Hilo la mila lishikeni, ndilo lililonimaliza.

Kazi yetu si kujenga kanisa la matofali. Tunakusanyika sebuleni kwa mtu. Tunaimba, tunasoma Neno, tunaombea wagonjwa, tunakula kilichopo. Sebule ikijaa, watu wanne watano wanatoka, wanaanza kwenye nyumba nyingine. Tulianza na watu watatu na mbuzi mmoja aliyekuwa anaingia bila kukaribishwa. Sasa ni nyumba nne. Baba Lusajo huenda zile za mbali kwa baiskeli, mimi naongoza nyumba ya Mzee Gwamaka na mkewe, huyo Mama Tusekile.

Mzee Gwamaka anaishi na wake wawili wa wanawe, Anyisile na mwenzake. Kwa mila yetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeacha njia. Najua ninyi wa mjini mnaangalia taarifa ya habari na wakwe zenu kwenye kochi moja. Huku bado. Kwa hiyo kila Jumapili Mzee Gwamaka alikaa ndani kwenye kiti chake, na wale wawili wakakaa nyuma ya jiko, wanasikiliza ibada kupitia ukutani. Mvua ikinyesha walijibanza chini ya paa la jiko, na mvua ya kwetu mnaijua.

Mimi liliniuma. Kanisa la nyumbani gani linawaacha watu wa nyumba nje? Anyisile ana sauti nzuri kuliko sisi wote, na tulikuwa tunaisikia kwa mbali, imechanganyika na majogoo. Siku moja mtoto wake aliumwa. Tukamwekea mikono mtoto ndani, mama yake yuko nje kwenye matope. Siku hiyo nikasema basi, hawa lazima waingie.

Nikafundisha wiki nne mfululizo. Kwamba mbele za Mungu hakuna mkwe wala mkamwana, sote ni watoto. Kwamba woga si heshima. Nilisema vizuri, jamani, mpaka nikajipenda mwenyewe. Wiki iliyopita nikawafuata huko huko nyuma ya jiko ili wasiniponyoke.

Anyisile alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama mwalimu, wewe umeshakaa sebule moja na baba mkwe wako?"

"Mkwe wangu yuko Tanzania," nikajibu.

"Tanzania ile pale?" Akaonyesha kwa ungo.

Nikabadilisha mada. Niliuliza habari za mpunga.

Sasa niwaambie ukweli, maana ninyi ni rafiki zangu. Nimeolewa miaka kumi na moja na sura ya mkwe wangu sijawahi kuiona sawasawa. Namjua kwa viatu, kwa fimbo na kwa kikohozi. Anakohoa mara mbili fupi, mara moja ndefu. Nikikisikia kikohozi hicho njiani naingia popote palipo karibu. Nimewahi kuingia kwenye jaruba la mpunga na viatu vya kanisani. (Jina lake siliandiki hapa. Msinitege kwenye maoni.)

Na mkwe wangu kazi yetu hii hakuipenda. Alikuwa mpiga kengele wa kanisa kule Ngana kwa miaka mingi, mpaka zilipokuja spika. Tulipomuaga alimwambia mwanawe, "Kanisa lisilo na kengele ni kikao cha ukoo." Hakutusindikiza mtoni. Miaka mitatu hajavuka. Baba Lusajo halalamiki, lakini najua linamuumiza. Akirudi kutoka nyumbani namuuliza habari za huko, ananitajia watu wote mpaka ng'ombe. Baba yake hamtaji.

Basi, leo.

Nilikuwa nimebembeleza pande zote mbili. Mzee Gwamaka alikubali shingo upande. Akasema, "Waingie. Mimi nitatazama dari." (Nyumba haina dari. Alitazama mabati.) Anyisile na mwenzake wakaingia, vitenge vimefunika vichwa mpaka puani, wakakaa kwenye mkeka karibu kabisa na mlango.  Nikajua hawa wakitoka leo hawataingia tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Nikasimama. Nikafungua Biblia. Nikaanza kwa madaha, "Mnaona? Wameingia na paa halijaanguka. Woga ni mazoea tu, wapendwa. Hata mimi..."

Nje mtu akakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Sikuamua. Nataka hilo lieleweke. Miguu ndiyo iliyoamua. "Hodi" ilipofika ndani nilikuwa nimeshamruka Mama Tusekile, nimepita kwenye pazia la chumba chao cha kulala, nimechuchumaa gizani na Biblia kichwani. Kitenge changu nilikuwa nimekiacha kwenye kiti.

Chumba kile hakina mlango wa nje. Kina kitanda, magunia mawili ya mpunga, na chungu kimoja cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kilichovunjika mdomo, ambamo kuku wa Mama Tusekile analalia mayai. Nilikuwa nimechuchumaa ubavuni mwa chungu hicho. Kuku hakupenda.

Nikamsikia mkwe wangu akisalimia, "Mugonile," wakamwitikia. Kiti kikaburutwa.

"Nimevuka asubuhi," akasema. "Nimekuja kumsikiliza mwalimu. Yuko wapi?"

Halafu Mzee Gwamaka, bado anatazama mabati nadhani, akasema taratibu, "Mwalimu ameingia kwa kuku."

Kuku akanidonoa kifundo cha mguu. Mara ya kwanza nilivumilia kiroho. Mara ya pili nikasogea. Mara ya tatu alikamata nyama. Nikaruka, nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni pazia. Likaja lote, na kamba yake, na msumari wake, na kipande cha udongo wa ukuta.

Vumbi lilipotulia mambo yalikuwa hivi. Mmisionari wa nje ya nchi amekaa chini mlangoni. Pazia liko kichwani. Yai limepasukia kwenye gauni. Kuku amepanda juu ya gunia, ananishtaki kwa sauti. Na mbele yangu, hatua tatu hivi, viatu ninavyovijua. Nikajifunika pazia gubigubi nikawa mzigo. (Mnauliza kwa nini sikusimama nikaendelea na somo. Wewe ungesimama?)

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya, kisha mama mwenyewe akacheka. Mimi humo ndani ya pazia nilikuwa nalia. Si kwa sababu ya kuku. Nililia kwa sababu Anyisile alikuwa anatazama. Wiki nne nimemwambia woga wake ni mazoea tu. Wiki nne nimekuwa jasiri mbele ya mkwe wa mwenzangu. Wangu alikohoa, hata hajaingia, nikakimbilia kwenye mayai.

Nikasikia mkeka unasogea. Wanatoka, nikajua. Nikasema moyoni, haya Mama Lusajo, umewatoa mwenyewe.

Hawakutoka. Walikuja kwangu. Anyisile alikuwa na kitenge cha pili kiunoni, akakifungua. Akashika ncha za upande mmoja, mwenzake akashika za upande wa pili, wakakiinua kati yangu na sebule. Akainama, akaninong'oneza, "Ndivyo huwa, mama. Na sisi ndivyo huwa. Wewe fundisha, sisi tutashika."



Kiti kikaburutwa tena. Nikadhani mkwe wangu anaondoka, na lawama hiyo nayo ingekuwa yangu maisha yote. Anyisile akachungulia pembeni ya kitenge, akaniambia, "Amegeuka." Alikuwa ameinua kiti chake, akakigeuza, akakaa ametazama ukutani, mgongo kwetu. Kisha akasema na Mama Tusekile, maana mimi haniambii neno moja kwa moja:

"Mwambie mwalimu anisamehe. Nilitakiwa kuita nikiwa mbali. Afundishe tu. Masikio hayana ukwe."

Mzee Gwamaka alifikiri kidogo. Shingo ilikuwa imeshamuuma na yale mabati. Naye akainua kiti chake akakigeuza.

Wale wawili wakashusha kitenge polepole. Kwa mara ya kwanza tulikuwa wote ndani, wenye nyumba na wageni, wazee wawili wametazama ukuta, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mimi nilikuwa nimetafuta mlango wa jambo hili wiki nne, nikitaka watu wabomoe walichorithi kwa bibi zao. Kumbe ilikuwa kugeuza kiti. Na aliyejua ni mzee ambaye niliamini haipendi kazi yetu.

Nilifundisha dakika kumi, yai linakauka kwenye gauni. Niliyoandaa niliyaacha. Niliwaomba radhi Anyisile na mwenzake mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa nimeita heshima yao woga. Nilisema pia kwamba nilipovuka Songwe nilidhani ya kwetu nimeyaacha ng'ambo, nikaja huku kurekebisha ya wenzangu. Mzee mmoja ukutani akaguna. Sijui ni yupi. Halafu Anyisile akaanzisha wimbo, na safari hii sauti yake ilikuwa ndani. Hapo nililia tena, wala sioni haya.

Baada ya ibada wazee walikula nje, mimi nikajificha jikoni nikisugua gauni. Mama Tusekile akaja na kifurushi.

"Mkwe wako amesema hii ni ya kanisa lako."

Nikafungua. Ilikuwa kengele ya mkono, ile ya zamani, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Ulimi wake ulifungwa kitambaa ili isilie kwenye mtumbwi. (Angeiacha ilie njiani, ningekuwa bado mtu mwenye heshima zake.)

"Amesema pia," Mama Tusekile akaendelea, huku anauma mdomo asicheke, "muitundike pale njia inapoingia. Akija tena ataipiga kwanza, upate nafasi ya kutafuta pa kukaa pasipo na kuku."

Nikamwambia apeleke jibu. "Mwambie ndaga fijo." Asante sana, yaani.

Jioni Baba Lusajo amerudi na baiskeli yake. Kumbe alijua baba yake anavuka leo. Anasema alinificha ili nishtuke kwa furaha. Nimemwambia nimeshtuka. Kisha nikampa kengele. Aliishika kwa muda, akafungua kile kitambaa, akakikunja vizuri akakitia mfukoni. Akatoka nayo kwenda kwa Mzee Gwamaka kuitundika mwenyewe. Nimeisikia ikilia mara moja, na nyumbani kwetu Ngana nadhani wameisikia pia.

Sura ya mkwe wangu bado sijaiona. Namjua kwa viatu, kwa fimbo, kwa kikohozi, na tangu leo kwa kisogo. Ni kile kile cha Baba Lusajo.

Wanaotaka kucheka siwakatazi. Ila geukieni ukutani kwanza.