Shida Isiyo na Mashahidi

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba jimbo letu limemaliza miaka mitano bila shida hata moja. Hili ni tangazo langu la mwisho nikiwa katibu wa Mheshimiwa Mbunge, na wenye wivu wajinyonge. Malalamiko yalikuwepo, ndiyo, maana binadamu hakosi la kusema. Yaliyothibitishwa ni sifuri.

Mafanikio haya hayakuja hivihivi. Kabla ya ubunge Mheshimiwa alikuwa wakili, na mjini walimwita Bwana Thibitisha. Aliwahi kumtetea mwizi wa kuku. Mama mwenye kuku akapanda kizimbani akasema kuku ni wake. Bwana Thibitisha akamwuliza, "Mama, huyo kuku amewahi kukiri kwamba wewe ndiye mwenyewe?" Mama akababaika, mwizi akaenda zake na kuku. Watu walicheka mpaka wakatokwa machozi, wakasema ulimi kama ule haufai kuozea mahakamani, uende bungeni ukatusemee. Wakampa kura. Hata yule mama alimpa.

Bungeni hakusinzia kama wenzake. Alipeleka muswada, ukapita kwa vigelegele, ukawa Sheria ya Uthibitisho wa Shida. Kwa mujibu wake, hakuna atakayelalamika katika ofisi yoyote ya umma bila mashahidi wawili wasio na maslahi katika shida inayolalamikiwa. Sheria safi kabisa. Mwenye njaa akilalamikia njaa, utajuaje kwamba hatafuti chakula tu?

Mkunga wa zahanati ya jimboni alikuwa wa kwanza kuionja. Aliingia ofisini na vumbi miguuni, akakataa kiti.

"Mheshimiwa, bomba la zahanati limekauka. Wajawazito wanakuja kujifungua na ndoo kichwani. Juzi mtoto nimempangusa kwa shuka kavu."

"Ulikuwepo bomba lilipokauka?"

"Nilikuwa nazalisha."

"Kwa hiyo hukuona."

"Naona halitoi maji, baba!"

"Kutotoa si kukauka. Pengine linapumzika. Una mashahidi?"

"Kina mama wodi nzima."

"Wana kiu?"

"Sana!"

"Basi wana maslahi," alisema Mheshimiwa kwa upole wa daktari. "Niletee wawili wasio na kiu."

Mkunga alinigeukia mimi. Nikatazama feni.

"Haya, baba," akasema. "Mpanda ngazi hushuka."

Methali hiyo haikutuhusu. Mheshimiwa hapandi ngazi, anapanda lifti.

Ikafika siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea. Ofisi ya uchaguzi iko ghorofa ya tisa, na ilikuwa ifungwe saa sita mchana. Pale chini nikamkuta nani? Mkunga, ameshika fomu yake mwenyewe. Wale wajawazito wake ndio waliomdhamini. Mheshimiwa alicheka, akaingia kwenye lifti yenye kibao WAHESHIMIWA TU, akatupungia mkono. Mimi na mkunga tukashika ngazi kama raia wengine.

Tulipofika ghorofa ya sita tukasikia ngumi ukutani.

"Nimekwama! Katibu! Ita watu, muda unakwisha!"

Mkunga alisimama, akasikiliza, akaendelea kupanda. Mimi nikateremka mbio kumwita karani wa matengenezo, bibi mmoja makini aliyeibandika ile Sheria juu ya meza yake. Alikuja na kalamu sikioni, akagonga mlango wa lifti.

"Nani analalamika?"

"Mimi, Mbunge! Nimekwama!"

"Aliyekwama ana maslahi katika kutoka. Mashahidi wako wapi?"

"Katibu wangu huyo hapo!"

"Huyo unamlisha wewe. Naye ana maslahi."

"Mama, huu ni wazimu!"

"Hapana, ni sheria," alisema karani. "Tena umeitunga vizuri, haina tundu."

Hapo Bwana Thibitisha akaanza kuomba. Sijawahi kumsikia akiomba. "Jamani, fomu ninayo mkononi. Nisipoifikisha nimekwisha. Nawapigia magoti." Na kweli alipiga, tulisikia kishindo. Moyo uliniuma, sitaficha. Halafu nikalikumbuka lile shuka kavu, ukaacha kuuma.

Saa sita ikapita. Mkunga akashuka na karatasi yenye muhuri: amepita bila kupingwa.

"Hongera, Mheshimiwa," nikamwambia, maana adabu ni kuwahi.

Mkunga alinipita. Akamgeukia karani. "Mimi sijakwama, wala huyo hanilishi. Niandike shahidi wa kwanza."

Karani akaandika. "Bado mmoja."

Wote wawili wakanitazama. Kazi yangu ilikuwa imekufa saa sita kamili, kwa hiyo maslahi sikuwa nayo tena. Neno langu moja, na fundi angeitwa.

"Katibu!" sauti ikatoka ndani, imekauka. "Mwanangu, nifungulie! Nina kiu!"

Nikatafuta feni ya kutazama. Korido ile haina feni. Basi nikasogea mlangoni, nikafanya kazi niliyofundishwa miaka mitano.

"Hiyo kiu, mzee," nikamwuliza, "una mashahidi wawili wasiokuwa nayo?"