Kichwa cha Meya Juu ya Paneli Zangu

Primitiva Dalumpines,
Mtaa wa Malagaslas, nyuma ya kanisa,
San Gaudencio.

Mheshimiwa Meya Wenifredo Balagtasan,
Ofisi ya Manispaa,
San Gaudencio.

Mheshimiwa Meya,

YAH: OMBI LA KUONDOA KICHWA CHAKO JUU YA PANELI ZANGU ZA SOLA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshiba. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kichwa chenyewe, uniwie radhi, ni chako.

Mimi ni mjane, nauza wali wa kunata na kahawa kwenye lango la soko. Kila uchaguzi nimekupigia kura wewe, na kabla yako baba yako. Naishi na mama yangu mzazi, Nanay Consorcia, ambaye miguu imemkatalia na sasa anashinda kitandani chini ya bati. Umeme wa kawaida hukatika mchana, joto likishapamba moto, kama vile kuna mtu anatuvizia. Kwa hiyo ulipotangaza kwamba manispaa itamrudishia kila mwenye nyumba nusu ya gharama za kufunga sola, nilitokwa na machozi. Niliuza nguruwe wangu wote nikafunga. Feni ya mama ikazunguka mchana kweupe, mama akalala kama mtoto mchanga. Ilikuwa wiki nzuri sana, Mheshimiwa, na ninaishukuru.

Baada ya wiki hiyo nina malalamiko yafuatayo.

1. Sharti la marejesho ni kwamba kila nyumba itundike turubai lenye picha yako na maneno "Jua hili umeletewa na Meya Balagtasan", na litundikwe mahali palipo wazi, panapopata jua kutwa, pasipo kivuli cha mti wala ukuta. Sina ugomvi na turubai. Hapa kwetu nani hana turubai? Mpwa wangu alipofaulu mtihani wa uuguzi tulimtundika mbele ya nyumba, na marehemu mume wangu tulimtundika hapohapo, kwenye misumari ileile. Lakini fundi wako, kaka Temyong, aliizunguka nyumba yangu yote akaona mahali pa namna hiyo ni juu ya bati tu, na pameshakaliwa na paneli. Nikamwambia, kaka, hapo ndipo jua linapoingia. Akanijibu kwa upole kabisa: "Ndiyo maana, mama. Meya hakai kivulini."

2. Akaja mkaguzi wako, Bi Rosenda, kupima umeme wa sola. Hakuukuta. Akaandika kwamba nyumba haina umeme wa jua, kwa hiyo haistahili marejesho. Nilimsihi tuinue turubai kona moja tu, ajionee. Akasema turubai likiinuliwa sharti limevunjwa, na nyumba iliyovunja sharti haistahili marejesho. Nikampa kahawa, nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Alikunywa, akakutazama wewe kule juu, akashusha sauti: "Usinitaje, mama, lakini mko wengi."

3. Mwenyekiti wa mtaa wetu alipoona wewe uko juu, naye akaona haya kubaki chini. Ilikuwepo paneli moja ya pembeni ambayo hukuifikia, na ilikuwa inatosha kuchaji simu. Sasa yupo hapo yeye na mke wake, wanatutakia Krismasi njema. Huu ni mwezi wa tano.

4. Hili ni la kitaalamu kidogo. Nimechunguza nikagundua kwamba kwenye meno yako turubai ni jeupe, na mwanga hupenya. Juzi mchana feni ya mama ilijitikisa, ikageuka nusu, ikasimama. Tatizo ni nywele. Namshukuru Mungu kwamba katika umri wako bado ni nyeusi tii kiasi hicho, ila zimefunika paneli mbili nzima. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, upigwe picha nyingine ukiwa umenyoa kipara na umecheka mpaka magego. Ukicheka vizuri, nakadiria feni itafika namba moja.

5. Kama picha haiwezi kubadilishwa, basi tuongee haki. Jua lote lililokuwa liingie kwenye paneli zangu linaishia usoni mwako. Mimi si msomi, lakini naona wazi kwamba umeme wangu unautumia wewe. Anayestahili kufungiwa mita ni uso wa Mheshimiwa, na bili iletwe ofisini kwako kila mwisho wa mwezi.

6. Na kama hata hilo haliwezekani, njoo mwenyewe saa sita mchana umpepee mama. Hapa sitanii. Mama anatoka jasho mpaka mto unalowa. Nampepea kwa pepeo mpaka bega linakufa ganzi, naliacha soko, wali unachacha, na juu yetu sote wewe unacheka. Nina hasira, Mheshimiwa. Nimeona niiandike kwa adabu, lakini ni hasira.

Nakuomba ulishushe turubai hilo kabla ya wiki kuisha. Nisalimie mke wako, Mheshimiwa Diwani; mdogo wako, Makamu wa Meya; na shemeji yako wa hazina. Nadhani hapo nimeisalimia manispaa nzima.

Wako mtiifu na mpiga kura wako,
Primitiva Dalumpines

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa kwa sababu ya mvua. Zilianza jana, tena kwa upepo. Kumbe waliofunga paneli walitoboa mabati wakasahau kuziba, na jikoni maji yanaingia kama bomba. Nilikimbilia chumbani kwa mama nikijua nitamkuta anaelea. Nikamkuta mkavu, kitanda kikavu, mto mkavu. Turubai lako limefunika matundu yote ya upande wake, toka kidevuni mpaka kwenye nywele. Nikamsomea mama barua hii. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Primi, mwache hapo hapo. Leo ndiyo mara ya kwanza ametufanyia kazi."

Kwa hiyo naomba usilishushe. Marejesho wape wengine, na feni sitaiulizia tena, mkono bado ninao. Ila jikoni bado kunavuja. Tafadhali tuletee na turubai la Makamu wako, maana yeye uso wake ni mpana.