Hadi Mdudu wa Mwisho

Wapo waja ambao Mola amewajaalia ndimi laini kuliko mikono yao, na Vedasto wa Bukoba alikuwa mmoja wao. Kwa mikono alisugua sakafu za ofisi huko Kista, pembeni mwa Stockholm. Kwa ulimi ndivyo alivyoishi. Ulimi huo ndio uliompatia kochi la binamu yake Ladislaus, katika nyumba ya kupanga ya Husby, kwa ahadi ya wiki mbili, na wiki hizo mbili zilikuwa zimetimiza mwezi wa kumi na moja. Benedicta, mke wa Ladislaus, si mtu wa makelele. Siku moja ya Julai alilifua shuka la kochi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya begi la mgeni.

"Shemeji," akasema, "mama yangu anakuja Agosti. Kochi limepata mwenyewe."

Asiyeujua mji wa Stockholm huenda akauliza kwa nini bwana yule asitafute chumba. Katika mji huo mtu hujiandikisha kwenye foleni ya nyumba akiwa na nywele nyeusi na kuitwa akiwa na mvi. Na Vedasto, ambaye hakuipenda foleni yoyote, hata ya mkate, hakuwa amejiandikisha.

Jioni ile ile, katika kundi la simu la Waswahili wa Stockholm, likaja ombi la Mama Truphosa, muuguzi Mkenya, mjane wa Mswidi, mwenye nyumba na bustani mwendo mfupi kutoka stesheni ya Fisksätra. "Jameni, nani anajua dawa ya wadudu kwa bwawa la kuogelea? Wamemuuma mgeni wangu mpaka akatoka mbio na taulo." Chini yake aliweka picha. Wengine waliona bwawa. Vedasto aliona kibanda cha mbao nyuma ya bwawa, kina mlango mwekundu na pazia dirishani.

Kesho yake alitua Fisksätra akiwa amevaa koti jeupe aliloazima kazini, na shingoni amening'iniza kioo cha kukuzia. Alikuwa amefanya kazi ya kusafisha mabwawa ya watu misimu miwili, kwa hiyo aliwajua wadudu wale, wanaoogelea chali na kuuma kama nyuki. Alijua pia kwamba dawa yao ni ndogo: kusugua ukungu wa kijani wanamopata chakula, kutia klorini, kisha kumwaga sabuni kidogo ya vyombo juu ya maji, nao wakazama kabla chai haijapoa. Alipiga magoti ukingoni, akatazama kwa kioo muda mrefu, akatikisa kichwa kama tabibu aliyechelewa kuitwa.

"Mama, hawa si wadudu wa kawaida."

"Wana nini?"

"Wana desturi. Huja, huondoka, hurudi. Dawa ya dukani inawachokoza tu. Hawa ni wa kuchunguzwa mchana na jioni, na mtu aliye karibu."

Truphosa akamtazama kuanzia koti hadi viatu. "Karibu kiasi gani, Daktari?"

Macho ya Vedasto yakazunguka bustani nzima bila haraka, yakapita mti wa tofaa, yakapita uzio, yakatua kwenye mlango mwekundu kana kwamba ndiyo kwanza yanauona. "Hata pale pangefaa," akasema kwa unyonge. "Mimi si mtu wa kuchagua."

Sasa, watu wetu wakishakaa Uswidi hujifunza jambo moja kabla ya baridi, nalo ni kuandikiana karatasi. Vedasto aliomba karatasi yeye mwenyewe. Alitamka, Truphosa akaandika: Mtaalamu atakaa katika nyumba ndogo bila kodi, wala asiondolewe, hadi mdudu wa mwisho atakapotoweka bwawani. Alilipenda neno lile la mwisho. Alijua wadudu wale huishi hata chini ya barafu. Kwa hesabu yake, angezeeka mle ndani.

"Na bustani?" akauliza Truphosa, kalamu mkononi. "Wadudu si wanatoka kwa bustani?"

"Bustani nitaitazama pia."

"Na uzio? Mbao zimeoza."

"Na uzio."

"Na hii klorini, niendelee kutia?"

"Tuiache kabisa, mama. Inawachokoza."

"Basi andika mwenyewe hapo chini, na mkono wako, kwamba ni wewe umesema tuache. Sitaki maneno mingi kesho."

Akaandika, wakatia sahihi. Mama yule hakuisoma karatasi mara ya pili, jambo ambalo lingemtia shaka mtu yeyote isipokuwa mjanja.

Agosti ikaingia, na Vedasto akalala kitandani, si kwenye kochi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia. Kazi aliifanya kwa uaminifu wa kupindukia, ila ilikuwa kazi ya kinyume. Hakusugua ukungu, bali aliuacha unawiri. Kiza kilipoanza kuingia aliwasha taa ya bwawa, maana mwanga huwaita wadudu. Maji yakawa ya kijani, kisha ya kijani zaidi. Saa zisizo za kazi alitengeneza uzio na lango jipya, akavipaka rangi, akakata nyasi, akazibua mifereji ya paa, akachuma matofaa, akajenga ngazi mpya ya mawe kushuka majini, yote kwa kodi ya mtu asiyelipa kodi.

Wiki ya tatu ikamletea wasiwasi: wadudu wakaanza kupungua. Akawashuku bata. Ikabidi, akitoka kazini Kista, apitie madimbwi ya uwanda wa Järva na kuchota wengine kwa ndoo yenye kifuniko, kisha aipande nayo treni, akaibadilishe, hadi Fisksätra. Siku moja bibi mmoja wa Kiswidi aliyeketi mbele yake alisikia ndoo ikijigonga-gonga kwa ndani, akauliza kuna nini humo.

"Chakula cha samaki," akajibu Vedasto, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilolitamka mwezi mzima, ingawa Mola hakumjulisha.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba Truphosa aligonga mlango mwekundu. Mkononi alikuwa na karatasi yao.

"Daktari, nikupe hongera. Wamekwisha."

"Hawawezi kwisha."

"Njoo uangalie."

Vedasto akalala kifudifudi ukingoni na kioo chake. Alitafuta mchana kutwa, yeye aliyeitwa kuwaangamiza, akiomba dua apate mmoja. Saa kumi akampata, mdudu mmoja, amelala chali, anapiga makasia taratibu kuja upande wake.

"Mama, huyu hapa. Njoo ushuhudie kwa macho yako."

Truphosa akaja, akainama. Maji yakapasuka kidogo, mdomo mpana ukachungulia, na mdudu akawa hayupo. Mgongo wenye milia ukazama kwenye kijani.



"Hao ni sangara wadogo wa huku," akasema Truphosa kwa upole. "Waswidi wanawaita abborre. Niliwatia wakati uko kazini. Mimi ni mtoto wa Port Victoria, kule ziwani, Vedasto, na bwawa la kuoga watu sikulitaka tangu marehemu alichimbe. Nilitaka samaki. Lakini samaki hawezi kuishi kwa klorini, na wanataka maji ya kijani na wadudu wengi. Si ulinitayarishia vizuri."

"Na kibali? Huku mtu hafugi samaki hivi hivi."

Akamfungulia jikoni. Juu ya friji, chini ya sumaku, kilining'inia kibali cha kufuga samaki, na tarehe yake ilikuwa ya Aprili. Vedasto akaisoma mara mbili. Ombi la kwenye simu lilikuwa la Julai.

"Wewe si mtu wa Bukoba?" akauliza mama yule, bila kebehi hata kidogo, na hapo ndipo palipouma. "Mtu wa ziwa anasahauje kile samaki anakula?"

Alimfungia samaki watatu katika gazeti, maana hakuwa mwanamke mchoyo, akamsindikiza na begi lake hadi lango jipya lililopakwa rangi vizuri.

Huko Husby, Benedicta alifungua mlango. Nyuma yake, kochini, alionekana mama mtu mzima aliyejifunika shuka linalofahamika. Benedicta alipokea gazeti, akalifunua, akabonyeza tumbo la samaki mmoja kwa kidole.

"Wamenona hawa. Walilishwa nini?"

"Wadudu, shemeji. Niliwachota mwenyewe kwa ndoo, nikawapeleka kwa treni."

"Wewe na uongo wako," akasema Benedicta, na kidole kikapita juu ya samaki, mmoja, wa pili, wa tatu. "Haya, ingia. Siku tatu. Na utalala sakafuni."