Kasha la Risasi Linalolala Boma

Poli, Meru
Tarehe 9 Juni, 1954

Kwa Bwana Nyama,
Msimamizi wa Wanyama wa Porini,
Boma, Arusha.

Bwana Mheshimiwa,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba bunduki ni kitu kimoja. Wakiona mtutu, wanasema wameona bunduki. Nimefundisha shule ya misheni miaka thelathini na mmoja, na mwanafunzi akikosea hivyo nilimrudisha darasa la chini kwa upole. Safari hii kosa limefanywa na ofisi yako, nami sina darasa la kuirudisha. Kwa hiyo nitaeleza polepole.

Bunduki ya kuwindia ya bolti, yaani ile ambayo mpigaji huvuta mkono wa chuma nyuma na kuusukuma mbele kila anapotaka kupiga tena, ina tumbo. Tumbo hilo ndilo kasha la risasi. Makasha ni ya aina mbili. La kwanza limejengwa ndani ya mwili wa bunduki na halitoki. Mpigaji hufungua bolti na kuzisukuma risasi kwa kidole gumba kutoka juu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaza maharage kwenye chupa. La pili hutoka. Unabonyeza kidude kidogo, na kisanduku chote kinakuangukia mkononi pamoja na risasi zake. Bwana Ashok, mwenye duka la bunduki pale mjini, aliniwekea zote mbili mezani akasema, "Mwalimu, hili la kutoka ni zuri kwa mtu wa motokaa. Anaondoa risasi zote upesi kabla hajapanda. Lile lisilotoka ni la mtu wa miguu. Halipotei, halilegei, halimwachi njiani." Nilimshukuru, nikadhani somo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Bwana Ashok hakujua kwamba kuna aina ya tatu, iliyovumbuliwa na ofisi yako: kasha linalotoka, kisha likanyimwa ruhusa ya kurudi.

Unajua kwamba kijiji chetu kina bunduki moja ya kulinda mashamba, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuipiga, Yoeli, aliyekuwa askari katika vita vya Burma. Mwaka jana mlichukua bunduki yetu ya zamani, yenye kasha lisilotoka, mkatupa mpya yenye kasha la kutoka. Tulipiga makofi. Mwezi wa tatu mwaka huu ikaja amri: kwa sababu ya fujo za Kenya, bunduki ikae kwa Yoeli, na kasha lake likae Boma ndani ya sanduku la chuma. Wiki tatu zilizopita nyati dume mkongwe, aliyefukuzwa na wenzake, alishuka kutoka msituni akalifanya shamba la mahindi la Hanna kuwa makao yake. Hanna ni mjane, ana watoto wanne, na shamba lingine hana. Mahindi ndiyo kwanza yanaanza kushika punje. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutoka kwetu hadi Boma ni maili kumi. Kutoka kwa nyati hadi mahindi ni hatua mbili.

2. Fomu ya kuombea kasha inamtaka Yoeli ataje mnyama, mahali alipo, na saa anayotazamiwa kuwapo. Yoeli ni mkweli. Mara ya kwanza aliandika: Nyati. Kwa Hanna. Sijui. Karani aliirudisha, akisema kwamba "sijui" si saa. Siku ya pili Yoeli aliandika saa nne asubuhi. Akapewa kasha, akavuka mto Themi mbio, akapanda kilima chote kile, akafika saa sita mchana. Nyati, ambaye hakupelekewa nakala ya fomu, alikuwa amekwenda zake. Na kwa kuwa kasha lazima lilale Boma, na dirisha hufungwa saa kumi, Yoeli alikunywa kata moja ya maji akageuka. Hanna anasema vumbi la Yoeli halijatulia barabarani nyati akarudi, akaendelea na mstari uleule alipoishia.

3. Nilikwenda mwenyewe kwa karani wako. Ni kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo vizuri sana. Akaniuliza, "Lakini mzee, bunduki ya bolti si inakubali kutiwa risasi moja kwa mkono, hata bila kasha? Mwambieni mtu wenu atie moja, apige, atie nyingine." Ni kweli kabisa. Karani amesoma. Ila nyati hajasoma. Nyati akipigwa risasi ya kwanza haketi kungoja mtu apapase mfukoni kutafuta ya pili. Yeye huja. Nilimpelekea Yoeli shauri hilo kama nilivyolipokea, bila kuongeza neno. Yoeli si msemaji sana. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, tangulia wewe."

4. Ufunguo wa sanduku la chuma unakaa nawe, na wewe uko safarini siku ishirini kila mwezi ukihesabu wanyama. Ni kazi nzuri. Naomba tu, utakapofika kwenye nyati, uongeze na huyu wa kwa Hanna, ili hesabu ya serikali isipungue.

5. Ulipotutembelea mwezi wa pili ulikunywa chai kwangu, na bunduki yako ikaegemezwa ukutani. Niliomba ruhusa nikaishika, nikaigeuza. Kasha lake halitoki. Nikadhani labda hukupewa nafasi ya kuchagua. Nikamuuliza Kasaine, mbeba bunduki wako, naye akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Huyu Bwana? La kutoka hataki hata kuliona! Anasema litamwua mtu siku moja." Wakati ule nilichukulia kwamba ni mzaha wa mbeba bunduki. Sasa naona lilikuwa onyo la mtu mwenye ujuzi, isipokuwa halikutaja ni mtu gani. Ukipenda kulijaza jina, wako Yoeli, Hanna na watoto wake wanne.

6. Ikiwa busara ya amri hii ni kwamba kitu kinachoweza kutoka lazima kikae Boma, basi sheria isibague. Usukani wa lori hutoka. Walowezi wa huku chini walete usukani wao kila jioni. Ulimi wa kengele yetu ya kanisa hutoka; mchungaji awe anakuja Jumamosi kujaza fomu, ataje idadi ya wenye dhambi na saa wanayotazamiwa kutubu. Mpini wa jembe hutoka. Tena yuko mzungu mmoja hapo hapo Boma, jina lake silitaji kwa heshima, ambaye nimeyaona meno yake kwa macho yangu kwamba hutoka. Yalale sanduku moja na kasha letu. Naye akitaka kula nyama, aandike nyama gani, mahali gani, saa ngapi.

Sidhani nimedai jambo lisilofuata kutoka kwenye lile lililotangulia. Hivi ndivyo tulivyofundishwa kufikiri, na waliotufundisha walitoka kwenu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: mturudishie bunduki yetu ya zamani, yenye kasha lisilotoka. Ilikuwa nzito. Ilipiga kushoto kidogo, na Yoeli peke yake alijua ni kidogo kiasi gani. Kuijaza kulihitaji muda na kidole gumba chenye subira. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo bunduki mpya, pamoja na kung'aa kwake kote, haina: ilikuwa bunduki yote kwa wakati mmoja. Hapakuwa na karani ambaye angeweza kuikata katikati akatuachia nusu isiyo na kazi. Sisi Wameru tumekwisha kuondolewa vitu vikubwa kuliko kisanduku cha chuma, ardhi yetu ikiwamo, na Boma linavijua. Hatukutazamia kwamba mtatengenezewa hata kidude cha kubonyeza ili kazi hiyo iwe nyepesi.

Nisalimie Memsahib, na karani wa dirishani, na Kasaine, na askari wa mlangoni aliyeniazima kiti, na wote wanaolinda sanduku la chuma. Kasha letu pia nalisalimu. Natumaini linalala vizuri kuliko Hanna.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu kadiri ya sheria,

Ephraimu Sumari
Mwalimu mstaafu

Nyongeza: Barua zangu zote mimi humsomea mke wangu, Eunike, kabla hazijafungwa. Hii aliisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi. Halafu akauliza, "Baba Lydia, hiyo bunduki ya zamani, ambayo kasha lake halitoki, Bwana Nyama atachukua nusu gani?" Nikamwambia kwa furaha kwamba hapo ndipo penye uzuri wake, hawezi kuchukua nusu. Akasema, "Basi ataichukua nzima."

Amesema kweli. Kwa hiyo futa ombi langu, na malalamiko yote kuanzia la kwanza hadi la sita. Kasha la kutoka ni kitu bora kuliko vyote vilivyopata kutengenezwa na fundi wa bunduki, maana kwa sababu yake bado tunayo nusu. Sikuandika upya kwa kuwa nafasi ya kuandika upya haipo: leo nyati ameacha mahindi, amesimama kwenye mfereji, na Hanna na watoto wake wamefungiwa ndani bila maji.

Yoeli ndiye huyu aliyesimama mbele yako na barua hii. Mpe kasha leo.