Mrithi Halali wa Fimbo ya Uskoti

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mkataba wa kampuni yetu ya ulinzi na jengo hili unakwisha mwisho wa mwezi. Msimamizi wetu, Cyrus, alitutangazia habari hiyo asubuhi kwa ufupi wake wa kawaida: wenye bahati watapelekwa kulinda maegesho ya magari Discovery Gardens, waliobaki watakatiwa tiketi ya kurudi kwao, khalas. Mimi nimefundisha historia Kimilili miaka mingi kabla ya kuja huku ughaibuni kukaa nyuma ya meza hii ya mapokezi. Sitarudi Kimilili kujieleza. Nahitaji kafeel mpya, mdhamini wa viza, na nahitaji upesi.

Riziki ikajitokeza mchana, imevaa nguo za msiba. Milly, Mganda anayefanya kazi za ndani kwa Madam Catriona wa ghorofa ya kumi na tisa, aliteremka kunijulisha kwamba baba wa Madam amefariki kwao Uskoti. Marehemu alikuwa Lodi. Tena alikuwa Baroneti. Vyeo viwili juu ya kichwa kimoja, na vyote viwili hurithiwa. Milly akaongeza kwamba Madam anahamia kwenye villa na anatafuta mtu mzima wa kumsimamizia nyumba: lango, bustani, mafundi. Viza juu yake.

Mtu mwenye pupa angepanda lifti papo hapo. Mimi nilijiuliza kwanza swali la msingi. Nani mrithi? Villa ni villa tu. Lodi ana ngome, na ngome haikosi lango.

Clifford, mwenzangu wa zamu na mpinzani wangu katika mengine yote, alinisikia nikimhoji Milly. Akasema, "Mwalimu, mtu amefiwa. Sema pole kwanza, ukoo utauhesabu baadaye." Kijana mwema. Hana mbinu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimelichambua suala. Madam ni mtoto pekee wa marehemu, lakini ameolewa na mhandisi kutoka Welisi. Mwanamke aliyeolewa ametoka katika ukoo. Hilo halihitaji hoja. Anabaki Bwana Ewan, mtoto wa ndugu wa marehemu, kijana mrefu anayekuja hapa kila Jumamosi na mkoba mkubwa wa buluu, akapanda kwa binamu yake Madam, akakaa sana, kisha akateremka akiubeba mkoba uleule kwa uangalifu zaidi. Nimemchunguza kwa muda mrefu. Kijana apelekaye mkoba kwa mkubwa wake kila wiki anapeleka hati za ukoo zikakaguliwe.

Nasema haya kwa uzoefu. Nimekuwa katibu wa vikao kadhaa vya urithi katika ukoo wetu, ambavyo vyote viliishia kwa chifu.

Usiku, chumbani kwetu Al Baraha, nilimwonyesha mwenzangu wa chumba, Muzamiru, mti wa ukoo niliouchora nyuma ya boksi la pizza. Muzamiru ni Mganda wa Buganda, mpole, mwenye kuswali kwa wakati. Akautazama mti wangu kwa heshima. Kisha akauliza, akiniita bwana kwa lugha ya kwao, "Ssebo, huyu binti ndiye amezaliwa na marehemu. Sasa huyu mwingine yeye amezaliwa na nani?" Nikamweleza kwamba mambo ya vyeo ni magumu. Akainuka kwenda kupiga simu kwao. Baba yake mkubwa anaumwa, nadhani. Sikuuliza, nilikuwa napaka rangi tawi la Ewan.

Alhamisi, 6 Novemba

Pigo. Milly alimsikia Madam akisema kwenye simu kwamba yeye sasa ndiye mwenye cheo cha Lodi, kwa haki yake mwenyewe, kwa kuwa cheo hicho cha kale humwendea binti pasipo mwana wa kiume. Cha Baroneti hakimwendei. Hicho hufuata wanaume tu, na hivyo kimeangukia kwa Ewan. Marehemu mmoja, warithi wawili. Ni sawa na kumzika mtu mmoja katika makaburi mawili na kudai yote yamejaa.

Nikamvizia Madam kwenye lifti ili nipate ufafanuzi. Alikuwa na macho mekundu, lakini alinijibu kwa subira. Alisema kila cheo kilitolewa na mfalme wake kwa barua yake, na barua ndiyo inayoamua kinapita wapi: ya kwanza ilisema watoto, ya pili ilisema wanaume. Nikamwuliza ni cheo kipi kati ya hivyo kinachokwenda na ngome. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alisema hakuna ngome. Ilikuwepo nyumba kubwa yenye paa bovu, ikauzwa yeye akiwa msichana, na leo ni hoteli ya harusi. Vyeo havina shamba wala ng'ombe. Ni majina.

Nimelifikiria jibu hilo kutwa nzima na sijalielewa. Cheo kisicho na boma ni cheo cha nini? Hatimaye nikakumbuka kwamba hata kwetu, wanaoficha hati za shamba ndio wa kwanza kusema shamba halipo. Nikatulia.

Kabla lifti haijafunguka Madam aliniomba mawili. La kwanza, nipande kwake Jumamosi jioni, ana jambo la kazi la kuzungumza nami. Nilimjibu kwa staha kwamba nitatazama ratiba yangu. Si busara kujifunga na upande unaoelekea kushindwa. La pili, nimwangalizie kifurushi. Fimbo ya baba yake inaletwa. Katika vitu vyote vya marehemu, alisema, ni hiyo tu aliyoiomba.

Fimbo! Na ananiambia hakuna cha kurithi.

Ijumaa, 7 Novemba

Fimbo imefika, ndani ya boksi refu jembamba. Nilifungua ncha moja ya boksi kwa ajili ya ukaguzi wa usalama. Mpini ni pembe ya kondoo dume iliyopindwa, na mahali pa kidole gumba pamelika na kung'aa.

Utaratibu wa kazi unataka nipige simu ghorofa ya kumi na tisa. Lakini kuna utaratibu wa zamani kuliko wa kampuni. Kwetu, baada ya mazishi, wazee huketi, watu hukusanyika, na fimbo ya marehemu hukabidhiwa mrithi hadharani. Atakayeishika ndiye. Mabishano huishia hapo, angalau hadi kwa chifu. Wafalme wa Uskoti walisahau jambo hili wakaandika barua mbili zinazopingana, na sasa familia ya watu inapasuka vipande viwili kwa kukosa katibu. Nikimkabidhi Bwana Ewan fimbo mbele ya mashahidi, vyeo vitarudi kuwa kimoja. Na ni mrithi gani atakayemsahau mtu aliyemsimika?

Clifford aliuliza mbona sijampigia Madam. Nikasema nafuata utaratibu. Akasema, "Utaratibu gani, mwalimu? Jina la mwenyewe si hili hapa?" Nililihifadhi boksi ndani ya kabati la mipira ya zimamoto.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika haya kwa utulivu.

Nilipanga viti vya ukumbi wa chini nusu duara. Mashahidi walikuwa Muzamiru, ambaye nilimwita akiwa mapumzikoni, kijana wa pikipiki aliyekuwa akisubiri kuteremkiwa na mteja wake wa biriani, na yaya mmoja na mtoto wa watu. Bwana Ewan alipoingia na mkoba wake wa buluu nilisimama, nikavua kofia, nikatoa hotuba fupi juu ya kuendelea kwa koo. Kisha nikamnyoshea fimbo kwa mikono miwili na kumwita Lodi.

Alichanganyikiwa. Alitabasamu kwa adabu, akauliza kama hii ni ile promosheni ya mazoezi ya viungo. Nikasema chukua, sir. Ili achukue ilimbidi aweke mkoba chini. Mkoba ukalala ubavu, zipu ikaachia, na hati za ukoo zikatawanyika sakafuni: soksi, kaptura za mazoezi, shuka moja yenye doa la kahawa.

Anakujaga kufua. Baroneti wa Uskoti amepanga kitanda katika chumba cha watu kadhaa Discovery Gardens, ambako mashine ya kufulia imeharibika tangu kiangazi, na binamu yake humruhusu atumie yake. Alinieleza yote haya huku ameishika fimbo ya mababu kwa mkono mmoja na soksi kwa mwingine. Kijana wa pikipiki alisema, "Yalla, shuka hiyo loweka kwanza," akachukua kofia yake akaondoka.

Ndipo lifti ikafunguka. Madam, na Milly nyuma yake. Clifford alikuwa amepiga simu.

Madam alikuwa anaitazama fimbo. Ewan alimpa mara moja, uso umemwiva, akasema hakujua. Madam akaupokea mpini, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe mahali pale palipolika, kikaenea. Akaketi kwenye kimojawapo cha viti vyangu vya nusu duara na kulia, bila sauti, fimbo imesimama katikati ya magoti yake kama mtoto. Muzamiru aliinamisha kichwa. Milly alipiga magoti akamshika mkono. Clifford alisema pole, madam.

Nilihisi kwamba na mimi natakiwa kusema kitu. Nikasema kwamba kisheria suala bado liko wazi.

Jumapili, 9 Novemba

Cyrus aliniita. Kifurushi kufunguliwa, kifurushi kufichwa, kifurushi kupewa asiye mwenyewe. Aliyataja yote matatu kwa sauti ileile. Kuanzia kesho mimi ni wa maegesho ya Discovery Gardens, nishukuru kwamba si uwanja wa ndege. Nimeshukuru.

Milly alinisubiri nje. Alisema Clifford alipanda jana jioni kupeleka pole, akapewa chai, akanywa, hakuuliza kitu. Madam amempa kazi ya villa na viza. Kisha Milly akaniambia jambo ambalo ningependa asiniambie. "Mzee Naftali, Madam alikuwa amekuchagua wewe. Aliniambia, huyu mwalimu ni mtu makini, huyu ndiye nataka. Jana jioni alikuwa anakungoja wewe na ile chai."

Nimejaribu kuupata mfuatano wa mambo na umenishinda. Clifford hajui tofauti ya Lodi na Baroneti. Hajawahi kuchora mti wowote.

Jumatano, 12 Novemba

Discovery Gardens. Vumbi, magari, kivuli kidogo. Sir Ewan amenitambua. Jana aliniomba nimwazime pasi ya nguo. Nilimpa, kwa sababu cheo ni cheo, ingawa nilimwomba airudishe kabla ya zamu yangu.

Nimehitimisha uchunguzi wangu. Kosa halikuwa katika mbinu. Kosa lilikuwa katika uchaguzi wa taifa. Waskoti hawazijui mila zao wenyewe, na mtu wa nje hawezi kuwasaidia.

Nilikuwa nafunga mada hii kabisa niliporudi chumbani na kumkuta Muzamiru ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Baba yake mkubwa amefariki. Marehemu alikuwa mkuu wa tawi la ukoo wao Buganda, cheo kinachorithiwa, na ukoo utaketi wiki ijayo kumsimika mwingine.

Nilitafakari. Mtoto wa ndugu wa marehemu. Mwanamume. Ana ukoo unaojua mila, ana ardhi inayoonekana, na tumelala chumba kimoja muda wote huu bila mimi kufunua macho! Nimekwisha kumwachia kitanda changu cha chini, chenye feni. Nimemchemshia chai. Boksi la pizza lina upande wa pili ulio mtupu.

Muzamiru alisema marehemu ana watoto wengi wa kiume na yeye hana hamu ya cheo chochote. Kisha akasema, "Ssebo, ni mzee wangu amekufa. Si useme pole kwanza."

Nikamwambia kila jambo lina utaratibu wake, na nikamwuliza fimbo iko kwa nani.